Klabu ya Hisabati na vishikwambi saba: shajara ya muhula mmoja, Muheza

4 Februari

Mwalimu Mkuu ametoa ruhusa leo. Klabu ya Hisabati ya Darasa la Tano itakutana kila Jumanne na Alhamisi baada ya vipindi, saa tisa hadi saa kumi alasiri, kwenye chumba cha maktaba kwa sababu huko ndiko kuna soketi inayofanya kazi. Watoto ni 35 kati ya 62 wa darasa langu, wote wamejiandikisha wenyewe. Vifaa ni vishikwambi saba, kompyuta mpakato ya ofisi, projekta ya kuazima na bando langu.

Vishikwambi ni vile vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, ambavyo Serikali iliwagawia walimu baada ya kazi ile kwisha. Kimoja ni changu. Sita nimewaomba walimu wenzangu, kila mmoja kwa sharti lake: huyu anataka chake kabla hajapanda bodaboda ya kurudi nyumbani, yule hataki kifunguliwe kitu kingine chochote zaidi ya mchezo. Masharti yote nimeyaandika ukurasa wa kwanza wa daftari la mradi, maana nikivunja moja tu nitakuwa nimepoteza imani yao, na bila wao hakuna mradi.

Sababu ya kuanza hili ni moja. Mtoto anafanya maswali kumi Jumatatu. Nakusanya madaftari 62, nayasahihisha usiku, anayapata Jumatano. Katikati hapo amekwisha kulirudia kosa lilelile kwenye zoezi la Jumanne, na akiuona mkasi mwekundu wa kosa Jumatano hakumbuki tena alikuwa anawaza nini. Nataka jibu limrudie mtoto wakati wazo lake bado liko moto. Kuwachangamsha si lengo. Watoto hawa wakiona mpira wa makaratasi tu wanachangamka.

Januari yote nimekuwa nikijaribu michezo ya mtandaoni usiku nyumbani. Mmoja wa ng'ambo una picha nzuri ajabu, una misitu na viumbe vya kupigana navyo, na kila pambano linataka ujibu swali la hesabu. Nimecheza saa nzima. Muda mwingi nilikuwa natembea msituni na kumvisha mtu wangu nguo. Maswali yenyewe yalikuwa machache, tena kwa Kiingereza, na bando lilikwisha kabla ya pambano la mwisho. Nikaachana nao.

Nimeachana pia na michezo yote ya kutoana. Tumecheza rede sote utotoni: ukipigwa mpira umekufa, unakaa pembeni kungoja. Na anayekufa mapema kila siku ni yuleyule asiyejua kukwepa, ndiye anayefanya mazoezi kidogo kuliko wote. Katika hesabu hilo halifai hata kidogo.

Nilichochagua ni Kahoot, mchezo wa maswali wa mtandaoni uliotengenezwa Norway na kuanza kutumika mwaka 2013. Nimeuchagua kwa sababu maswali nayaandika mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa mada ninayofundisha wiki hiyo. Swali linatokea ukutani, na kwenye kishikwambi kuna vitufe vinne vya rangi: pembetatu nyekundu, almasi ya buluu, duara la njano, mraba wa kijani. Mtoto anayesoma kwa kusuasua hapotei.

6 Februari

Siku ya kwanza. Makundi saba ya watoto watano: Chungwa, Nazi, Embe, Mkonge, Iliki, Mwani, Muhogo. Maswali 12, sekunde 20 kila moja.

Kelele zilifika ofisini hadi mwalimu wa zamu akaja kuchungulia. Watoto walisimama juu ya viti. Kwa mtu wa kupita njia, mradi umefaulu siku ya kwanza.

Mimi nimeondoka na jambo linalonisumbua. Mkonge wamepata maswali 10 kati ya 12 na wamekuwa wa tano. Embe wamepata 7 na wamekuwa wa kwanza. Katika kundi la Mkonge yuko msichana mmoja mtaratibu, ambaye darasani haachi kuhakiki jibu lake. Alinifuata mlangoni akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, sisi tumepata mengi kuliko wao. Kwa nini tumeshindwa?" Nilimwambia nitamjibu Jumanne.

11 Februari

Nimemjibu mbele ya wote, kwa chaki.

Mchezo unatoa alama 1000 kwa jibu sahihi la papo hapo. Ukichelewa, unachukua sehemu ya muda uliotumia, unaigawa kwa mbili, unaitoa kwenye moja kamili, kisha unazidisha kwa 1000. Embe walikuwa wakibonyeza kama sekunde ya 2 kati ya 20. Mbili ya ishirini ni moja ya kumi. Nusu yake ni moja ya ishirini. Zinabaki 19 za 20, yaani alama 950. Mkonge walikuwa wakikata shauri sekunde ya 18. Hiyo ni tisa ya kumi. Nusu yake ni tisa ya ishirini. Zinabaki 11 za 20, yaani alama 550.

Saba mara 950 ni 6650. Kumi mara 550 ni 5500.

Darasa zima lilinyamaza, kisha likaanza kukokotoa upya alama za kila kundi. Nusu ya sehemu, kutoa sehemu kwenye moja kamili, kuzidisha sehemu kwa namba nzima: mambo ambayo nilipanga kuyafundisha kwa wiki mbili mwezi wa Mei yalifanyika siku moja, kwa sababu kulikuwa na dhuluma ya kurekebisha. Mvulana mmoja wa Embe ndiye aliyependekeza tubadilishe muda. Tumejaribu kwa hesabu kabla ya kukubaliana: muda ukiwa sekunde 120, anayejibu sekunde ya 18 anapata 925, na anayejibu sekunde ya 2 anapata kama 992. Pengo limekuwa dogo, kupata jibu ndiko kumekuwa na uzito.

Tumeamua hivi. Sekunde 120 kila swali. Jumanne hakuna alama kabisa, mchezo unaruhusu kuzizima. Alhamisi kuna alama. Kila kundi liwe na karatasi ya kukokotolea, na mbonyezaji abadilike kila swali, asikae na kishikwambi mtu mmoja.

20 Februari

Leo ndipo nimeanza kuelewa kifaa hiki kina faida gani hasa kwangu mimi mwalimu.

Swali lilikuwa 403 − 158. Majibu niliyoweka: 245, 345, 255, 355. Jibu ni 245. Makundi manne kati ya saba yamebonyeza 355. Hakuna hata kundi moja lililogusa 345 wala 255.

Nimekaa na ripoti ya mchezo usiku huu. Ukimaliza inakuonyesha kila swali na nani alibonyeza nini. Zile 345 na 255 nilizibuni tu, nikabadilisha tarakimu ili nafasi zijae. Hata 355 niliiweka vivyo hivyo, bila kuifikiria. Lakini itazame: 4 toa 1 ni 3, 0 na 5, wanatoa ndogo kwenye kubwa, ni 5, 3 na 8, vilevile, 5. Ndiyo 355. Watoto hawa hawakopi. Kila nafasi wanatafuta tarakimu kubwa iko wapi, juu au chini, na kutoa ndogo humo.

Nilikuwa nimeandika jibu lenye mtoto nyuma yake kwa bahati tu, na mengine mawili hayakuwa na mtu.

Kuanzia leo siandiki jibu lolote la kubuni. Nimechukua madaftari 62 ya wiki mbili zilizopita na kuanza daftari lingine, la makosa. Si hesabu ya nani kakosa. Naandika kosa lenyewe na njia iliyolizaa.

25 Februari

Daftari la makosa lina kurasa tisa sasa. Baadhi ya niliyoyakuta:

0.35 ni kubwa kuliko 0.5, kwa sababu 35 ni kubwa kuliko 5. Hili limejaa.

3.4 × 10 ni 3.40. Wamefundishwa "ongeza sifuri mwishoni" walipokuwa Darasa la Tatu na sheria imewafuata hadi kwenye desimali, mahali ambapo haifai.

Saa 3:20 ukirudi nyuma dakika 45 ni saa 2:75. Amekopa vizuri kabisa, ila amekopa mia pale palipotakiwa sitini. Mtoto huyuhuyu ukimuuliza saa ngapi atakuambia "saa tatu kasorobo" bila kufikiri.

Theluthi ni ndogo kuliko robo, maana tatu ni ndogo kuliko nne.

Mzingo wa mstatili wa sentimita 6 kwa 4 ni 24. Hapa kazidisha, katafuta eneo. (Mzingo ni 20.) Kosa hili ni la jina, hesabu anaijua.

Nimeandika maswali manane ya Alhamisi kutokana na hayo. Kila jibu lisilo sahihi limetoka kwenye daftari la mtoto halisi, sijataja la nani.

27 Februari

Maswali manane yalikuwa mengi mno. Tumefanya matatu tu kwa saa nzima, na sijutii. Baada ya kila swali nasimamisha mchezo, ukutani inabaki michoro ya nguzo inayoonyesha makundi mangapi yamebonyeza wapi, nami nauliza jambo moja tu: "Aliyebonyeza hili alikuwa anawaza nini?" Siulizi nani kabonyeza. Mtu yeyote anaruhusiwa kulitetea jibu la mtu mwingine.

Kwenye 0.35 na 0.5, wa Iliki mmoja alisimama akatetea 0.35 kwa nguvu zote. Wa Nazi akamwambia, "Haya, andika 0.5 kama shilingi na senti." Ikawa senti 50 na senti 35. Yule akabaki ameshika chaki, kisha akakaa mwenyewe.

11 Machi

Mfungo umeanza na saa tisa alasiri si saa ya kumshikilia mtoto anayefunga. Tumehamia Jumamosi saa tatu asubuhi, mara moja kwa wiki. Wanakuja 20 hivi.

18 Machi

Leo nimewaita kwa ajili ya marudio, na mvua, na umeme umekatika. Projekta imezimika katika swali la kwanza. Nikaona badala ya kuwarudisha nyumbani tucheze hivyohivyo: kona nne za maktaba ni majibu manne, nasoma swali, kila mtu anakwenda kona yake.

Haikufaa. Wote wanamtazama yule msichana wa Mkonge anaelekea wapi, kisha wanamfuata. Mara ya tatu nikabadilisha: macho yafumbwe, kila mtu aweke vidole kifuani, kimoja hadi vinne, nami napita nikihesabu na kuandika ubaoni. Hapo nikapata picha ya kweli. Tena ni picha nzuri kuliko ya vishikwambi kwa jambo moja: kishikwambi kinanipa kundi, vidole vinanipa mtoto mmojammoja. Kwenye kundi la Chungwa, ambalo hupata karibu kila kitu, wawili kati ya watano bado hawakopi kwenye kutoa. Walikuwa wamejificha ndani ya kundi.

Kwa hiyo hata umeme ukiwapo, swali la kwanza la kila siku litakuwa la vidole.

8 Aprili

Tumerudi baada ya Idi. Masika yameshika, mtandao unakuja na kuondoka. Nimehitaji kitu kisichotegemea bando.

Nimekipata kwa PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka mmoja kabla. Watu wengi wanaujua kwa majaribio ya Fizikia, lakini una michezo ya Hisabati ya msingi pia. Uzuri wake kwetu ni huu: kila mchezo ni faili moja. Unalipakua mara moja mahali penye mtandao, unalihamisha kwa Bluetooth, linafunguka kwenye kivinjari bila bando hata kidogo. Jumapili nilikaa mjini kwa rafiki mwenye mtandao mzuri nikapakua manne, Jumatatu nikayaingiza kwenye vishikwambi vyote saba wakati wa chai.

Tunaoutumia zaidi ni wa kulinganisha sehemu. Kuna mizani mbili. Unaburuta umbo lililopakwa rangi sehemu yake, labda duara au mstatili, unaliweka upande huu, halafu unatafuta lenye thamani sawa nalo uliweke upande wa pili. Ukikosea haukufukuzi, unakuonyesha upande gani ni mkubwa, unajaribu tena kwa alama pungufu. Saa unaweza kuizima. Niliizima.

10 Aprili

Jambo la leo nataka kuliandika taratibu.

Mvulana wa Muhogo, dhaifu kwenye sehemu tangu mwaka jana. Swali la vidole lilikuwa 1/2 + 1/4, akaonyesha vidole viwili, jibu 2/6. Amejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Wenzake kumi walifanya hivyohivyo.

Sikusema kitu. Mama yake ana genge, na yeye ndiye hupima sukari jioni. Nikamuuliza, "Mteja akitaka nusu na robo, unampimia ngapi?"

"Robo tatu, Mwalimu." Hata hakufikiri.

"Na nusu jumlisha robo ni ngapi?"

Akaniangalia. Akaangalia ubao, 1/2 + 1/4. Akasema polepole, "Kumbe ndiyo hiyo?"

Ndiyo hiyo. Miaka mitatu tumemfundisha kusoma "moja juu ya mbili", "tatu juu ya nne". Ukisoma "tatu juu ya nne" mtoto anasikia namba mbili zilizopandiana, na namba mbili zinajumlishwa kila moja na ya kwake. Ukisoma "robo tatu" anasikia kitu kimoja, kina ukubwa, kinapimwa kwenye mizani. Lugha yetu ina nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, thumni. Majina ya vitu hasa. Tunayaacha mlangoni mwa darasa na kuingia na kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini).

Nimebadilisha maswali yote ya sehemu jioni hii. Mwanzo wa kila seti, sehemu zinaandikwa kwa maneno: "Nusu na robo ni ngapi?" "Theluthi mbili na robo tatu, kubwa ipi?" Swali la tatu au la nne ndipo linakuja kwa tarakimu, lilelile. Nataka waone wenyewe kwamba ni mtu mmoja aliyebadili nguo.

17 Aprili

Maswali kwa maneno: makundi yote saba yamepata nusu na robo. Swali lilelile kwa tarakimu, dakika tano baadaye: sita kati ya saba. Wiki iliyopita yalikuwa mawili.

Theluthi na robo bado ni vita. Huku kwetu nimeleta machungwa, tena ni msimu wake unakaribia, nikayakata. Chungwa la watoto watatu na chungwa la watoto wanne, nani anakula zaidi. Baada ya hapo mizani ya mchezo imekuwa na maana kwao. Kabla ya hapo walikuwa wakiburuta maumbo hadi bahati iwaangukie.

24 Aprili

Mzee mmoja amekuja shuleni, baba wa mtoto wa Embe. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi bila kutaka chai. Amesikia watoto wanakaa maktaba wakibonyeza simu, wanahesabu alama, wanasema "tumeshinda", "tumeshindwa".

"Mwalimu, nakuuliza kwa heshima. Hii ni kubeti?"

Swali lake ni la haki kabisa. Mtaani kwake vijana wanakesha na simu, na maneno ni hayohayo: alama, kushinda, kushindwa. Mtoto wake wa kwanza amepoteza ada ya chuo huko. Nilimpeleka maktaba, nikamfungulia seti ya wiki hii, nikamwomba acheze. Tulianza na "Machungwa 7 kwa shilingi 100 kila moja, umelipa 1000, chenji ngapi", tukaenda hadi robo tatu ya ekari. Alipata yote, na kwenye swali la ekari alinieleza jinsi wanavyogawana shamba kwa hatua. Akaniomba jambo moja: neno "kushinda" tuliondoe.

Nimeliondoa. Jedwali la washindi la mwisho tunaliruka pia. Tangu leo ubaoni naandika tu makosa mangapi tumeyaelewa siku hiyo.

Nikiri kwamba watoto wachache, hasa wavulana wa mbele, wamepoa kidogo. Sitalirudisha.

6 Mei

Leo nimewapa kazi watunge maswali wenyewe. Kila kundi swali moja, jibu moja sahihi, matatu yasiyo sahihi. Sharti: kila jibu lisilo sahihi liwe na maelezo, "atakayechagua hili ni mtu aliyefanya hivi". Jibu lisilo na mtu halikubaliki.

Nilidhani watamaliza kwa nusu saa. Saa nzima ilipita na makundi mawili tu yalikuwa na majibu matatu kamili. Kupata jibu sahihi kuliwachukua dakika mbili. Kutafuta makosa ndiko kulikowatoa jasho, kwa sababu ili ubuni kosa la mtu lazima ujue njia sahihi inapitia wapi na mahali gani mtu anateleza. Mwani walikaa wakibishana kama mtu anaweza kupata 18 kwenye 72 ÷ 6. Wakagundua anaweza, akiwa amegawanya kwa 4 kwa kuchanganya jedwali. Wakaiacha, wakasema haiwezekani mtu achanganye hivyo. Wamejifunza jedwali la sita na la nne kwa pamoja wakati wa ubishi huo, na sikuwa nimewaambia wafungue jedwali.

8 Mei

Tumecheza maswali yao. Kundi lililotunga haliruhusiwi kujibu. Linasimama mbele kueleza kila jibu. Swali la Iliki kuhusu saa, kutoka saa 4:50 kwenda mbele dakika 25, lilikuwa na 4:75, 5:15 na 5:25. Jibu 5:15. Walieleza 4:75 vizuri. Walipofika 5:25, msemaji wao alisema, "Huyu aliona zimebaki kumi zifike saa tano, akazisahau, akaongeza zote ishirini na tano." Mimi mwenyewe sikuwa na kosa hilo kwenye daftari langu. Nimelinakili.

Nafasi ya kuandika swali kwenye mchezo ni finyu, na maswali ya mafumbo kwa Kiswahili ni marefu. Tunayaandika ubaoni, ukutani linabaki "Swali la 4" na majibu manne. Inafanya kazi.

15 Mei

Nina watoto watano ambao haya yote hayawafikii. Wako Darasa la Tano na bado thamani ya nafasi inawachanganya. 305 wanaiandika 3005. Kwao swali la sehemu ni kelele tu.

Mwalimu wa Darasa la Pili amenikumbusha kitu kilichofanyika mkoani kwetu. Kulikuwa na shindano la kimataifa la XPRIZE, na majaribio yake yalifanyika kati ya mwaka 2017 na 2019 hapa Tanga, katika vijiji karibu 170. Watoto wasio na shule walipewa vishikwambi vyenye programu ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu, bila mwalimu. Programu mbili, ya shirika la onebillion na Kitkit School, ziligawana ushindi mwaka 2019, na masharti ya shindano yalitaka programu ziwe wazi kwa mtu yeyote kuzitumia. Hatua zake za mwanzo ni zilezile wanazohitaji hawa watano: kuhesabu, makumi na mamoja, kulinganisha.

Tutajaribu muhula ujao. Kwa sasa nakaa nao dakika 20 kabla ya klabu, na vijiti vya kumikumi vilivyofungwa kwa mpira. Mashine haitangulii vijiti.

29 Mei

Jaribio la kufunga. Maswali 20 kwenye karatasi, yaleyale ya jaribio la Februari kwa namba tofauti, kila mtu peke yake.

Kutoa kwa kukopa: Februari walikosa 21 kati ya 35, leo wamekosa 6. Kulinganisha desimali: kutoka 24 waliokosa hadi 8. Kujumlisha sehemu zenye asili tofauti: kutoka 30 hadi 15. Hiyo ya mwisho hainiridhishi, lakini karibu wote waliokosa leo hawakufanya tena 2/6. Wanatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) na kukosea njiani.

Kugawanya kwa namba ya tarakimu mbili hakujasogea kabisa. Sababu naijua: sikukuwekea hata seti moja, kwa sababu hesabu ndefu haiingii kwenye vitufe vinne. Mafumbo pia yamesogea kidogo tu. Hayo ni ya daftari na chaki, nami niliyapa nafasi ndogo muhula huu.

Sitasema vishikwambi vimefanya haya peke yake. Hawa 35 walijiandikisha kwa kupenda, na nimekaa nao saa mbili zaidi kila wiki. Wale 27 wengine nawapima wiki ijayo kwa karatasi ileile, nami nitaandika hapa nitakachokuta.

Vishikwambi sita nimevirudisha kwa wenyewe, vimefutwa na kuchajiwa. Kila mmoja amekubali kukitoa tena Julai.

30 Mei

Msichana wa Mkonge ameniachia karatasi mezani, swali la Julai ametunga nyumbani: nusu jumlisha theluthi, kwa tarakimu. Majibu yake: 5/6, 2/5, 2/6, 4/6.

2/5 ninaijua. 2/6 ni ya aliyepata asili sahihi akaacha kubadilisha kiasi. Lakini 4/6 sikuielewa, nikamwita kabla hajatoka getini.

"Huyo amepata sita vizuri, Mwalimu. Ila amedhani juu kote inakuwa mbili. Mbili ya sita na mbili ya sita."

Nilimwambia sijawahi kumwona mtu wa kosa hilo. Akasema inawezekana yupo.

Jioni nimeyapitia madaftari yote 62 ya wiki hii. Yuko mmoja, dawati la tatu, upande wa dirishani.